Kengele ya Mbuzi Kwenye Ukungu

3 Machi

Sekunde mwanangu,

Salamu zije kwanza, lawama zitafuata. Mimi mzima, duka zima, na kidato cha tatu cha ngazi bado kimelegea vilevile ulivyokiacha.

Sasa lawama. Tangu mwaka jana hujaniandikia hata mstari mmoja. Kama umeolewa, nipe anwani ya huyo bwana nimpelekee pole. Kama umekasirika, niambie nimekosa nini. Mimi ni mjomba wako, ndiye niliyekulea na kukubandika hilo jina la Sekunde kwa sababu hukuwa unatulia hata nikikupa peremende. Nina haki ya kujua. Simu usinipigie, ilitumbukia kwenye ndoo na sijanunua nyingine. Barua inatosha. Barua haikatiki katikati ya maneno.

Habari yenyewe iliyonitoa kwenye kiti ni hii: nimenunua mashine ya gemu, zile za mkononi. Ndiyo, mimi. Yuleyule aliyekukatalia ulipokuwa msichana mdogo, akakwambia gemu ni kazi ya kula macho. Cheka mpaka umalize, kisha endelea kusoma.

Nilikwenda kwa Mama Betri, yule wa duka la umeme ng'ambo ya barabara, kuchukua betri za saa. Alikuwa ameinamia kabati lake la kioo anazungumza, na Mama Betri unamjua, akianza hana kituo. Mimi nikawa naitikia tu. Ndiyo. Sawa. Kweli kabisa. Nikaja kushtuka ameshatoa kiboksi, amekitia kwenye mfuko, anangoja nilipe. Ningefanyaje, na ndiyo zote zile nimezisema mbele ya wateja? Nikalipa kama mtu aliyetoka nyumbani kwa kazi hiyo.

Nilipofika dukani nikafunga mlango. Ni ndogo, inaenea kwenye viganja viwili, nyeusi, ina vitufe kushoto na kulia. Ile plastiki ya juu niliibandua polepole, na kioo chake ni kisafi hata kitu cha kwanza nilichokiona ndani yake ni pua yangu. Nilitaka kuifungua nione tumbo lake likoje, lakini skrubu zake zina pembe tatu, bisibisi zangu zote zimekataa. Wenyewe hawataki mgeni. Nikaheshimu.

Ndani mna gemu iliyokuja nayo. Kuna mtu na mbuzi. Mtu hana jina, mbuzi hana jina, wanavuka milima kwenda mahali ambapo bado sijapajua. Hakuna anayepigana na mtu. Unatafuta njia tu, mbuzi akichoka unamngoja, akiona majani anakula na wewe unasimama. Jana nilisema niwafikishe mtoni halafu nile. Nilipoinua kichwa, chakula kimeota ngozi kwenye sahani.

Nikwambie ukweli, Sekunde. Nyumba hii imekuwa kubwa mno. Kitanda chako huko juu bado kimetandikwa, na mashuka nayabadilisha kana kwamba kuna mtu anayalalia. Mtu aliye peke yake akipata mbuzi si haba.

Andika.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Sijaolewa na sijakasirika. Bado niko chumba cha kufulia hapa hotelini. Sasa wamenihamishia kwenye pasi ya mvuke, mashuka yanaingia upande mmoja yamekunjamana, yanatoka upande wa pili yamenyooka. Joto ni kali lakini nimezoea.

Hongera kwa mashine. Mimi ninayo kama hiyo, niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Gemu ya mbuzi nimeshaimaliza. Ukikwama uliza.

Mpwa wako


24 Machi

Sekunde,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na kabla sijakaa imeisha. Siku hizi wino umepanda bei? Mtu anayesema sijakasirika kwa maneno machache namna ile amekasirika mpaka kwenye kucha. Lakini sikulazimishi. Kimya chako nakijua tangu ukiwa mdogo. Ukinuna ulikuwa unahama na mto wako, unakwenda kulala chini ya meza ya kazi.

Basi tuzungumze habari za mbuzi, hapo hatutagombana.

Tumevuka mto. Tumepita lile bonde la mawe mekundu, ambapo mbuzi alinigomea nikarudi nyuma kumbembeleza. Ukibonyeza kitufe cha chini, yule mtu anamkuna mbuzi shingoni. Ulikijua hicho? Hakina faida yoyote kwenye gemu. Mimi nakibonyeza kila tukisimama.

Mikono yangu ilikuwa inachoka kuishika, kwa hiyo nimeibana kwenye jiriwa yangu ndogo, ile yenye ngozi kwenye meno, ninayobania saa. Nimeinamisha taa ya kazi, nimeweka viwiko mezani, navifikia vitufe kwa ncha za vidole. Akipita mtu dirishani anadhani niko kazini. Hata wateja wenyewe si wengi, watu wanatazama saa kwenye simu zao. Saa inayovaliwa siku hizi ni urembo, na urembo ukisimama hakuna anayekimbia kwa fundi.

Sasa nimekwama. Tumefika kwenye daraja la kamba, mara ukungu umeshuka, kioo chote kikawa cheupe. Mtu simwoni, mbuzi simwoni, daraja silioni. Nikienda kulia tunaanguka. Nikienda kushoto tunaanguka. Nikisimama hakuna kinachotokea. Nimeshamwangusha yule mnyama mpaka namwonea aibu. Nadhani mashine yangu ni mbovu. Yako nayo ilikuwa hivyo?

Mjomba wako, mwangusha mbuzi


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Nimecheka. Sikutaka, lakini nimecheka, na mwenzangu wa pasi akaniuliza kuna nini nikashindwa kumweleza. Kile kitufe cha kumkuna mbuzi nilikuwa nakijua. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekibonyeza.

Mashine yako haina ubovu. Pale kwenye ukungu huendi kwa macho, unafuata kengele. Mbuzi ana kengele shingoni, yuko mbele yako, na kengele inalia upande aliko. Ikilia kulia, unakwenda kulia, ikilia kushoto, unakwenda kushoto. Ikinyamaza, simama, na yeye amesimama. Hiyo ndiyo hatua rahisi kuliko zote, hata watoto wanaivuka. Ongeza sauti, au vaa vile vya kuweka masikioni vilivyomo ndani ya boksi.

Ukivuka niandikie umekuta nini ng'ambo. Mimi sikuambii.

Na simu nunua, Mjomba. Mama Mkubwa naye analalamika kwamba hakupati.

Sekunde


13 Aprili

Sekunde,

Ahsante kwa maelekezo. Ilikuwa ni kengele tu, na mimi nahangaika na vitufe. Uzee huo.

Niliipeleka kwa Mama Betri nihakikishe kwamba si mbovu. Aliichukua, akafumba macho, wallahi alifumba macho, akatembeza vidole huku anachezesha kichwa, na akavuka palepale juu ya kaunta, kioo kimemwelekea yeye. Halafu akairudisha nyuma ili nami nijaribu mbele yake. Nikamwambia nimeacha maji jikoni.

Nilijaribu nyumbani na nimevuka. Ng'ambo kuna njia inayoendelea, na majani, majani mazuri. Tumetembea.

Huyo Mama Mkubwa wako, yaani dada yangu, usimsikilize. Alikuja mwezi uliopita akasema nimezeeka, nafunga duka au nangoja linifunge, nihamie kwake nikalee kuku. Anatafuta sababu moja tu. Simu ya kazi gani? Anipigie asubuhi na jioni aniulize kama nimekula? Nitanunua siku moja.

Kazi njema huko kwenye mvuke. Kunywa maji.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma neno majani mara nyingi. Nimekaa nalo siku nzima kwenye pasi, mashuka yanapita na mimi nafikiri majani.

Hujavuka. Aliyevuka lile daraja hawezi kuniandikia habari za majani. Kuna kitu ng'ambo, Mjomba, na wewe ninayekujua, mtu wa kubonyeza kitufe cha kumkuna mbuzi, ungeanza barua kwa kitu hicho kabla hata ya salamu.

Nilitaka kunyamaza. Lakini sasa acha nikwambie kitu ambacho nimekificha tangu mwaka jana, halafu unijibu ukweli.

Mwaka jana nilipata likizo. Sikukuambia, nilitaka kukushtukiza. Nilikaa kwenye basi tangu asubuhi mpaka alasiri, nikafika kwetu nimebeba mfuko wangu na taulo mbili za hoteli. Zilikuwa na doa dogo wakazitupa, nikazisugua mwenyewe mpaka zikatakata. Mlango wa duka ulikuwa wazi nusu. Taa ya kazi inawaka. Wewe umekaa umenipa mgongo, lenzi iko jichoni, saa imefunguliwa mbele yako.

Nikaita hodi. Nikangoja. Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu mpaka yule muuza viatu wa jirani akatoka nje kutazama. Hukugeuka. Hata bega halikutikisika.

Sheria ya nyumba ile umenifundisha mwenyewe kabla sijajua kusoma. Fundi aliyefungua saa hashtuliwi wala haguswi, springi ikiruka imekwenda. Mtu anasimama mlangoni, anaita hodi, anangoja aitikiwe. Na hodi tatu zisipoitikiwa, mtu anageuka anakwenda zake. Nikageuka.

Unajua nilichokumbuka pale nje? Siku niliyoacha ufundi wa saa nikaja kufanya kazi ya ufuaji, ulinitania kituoni. Ulisema, "Nenda, ila usije ukanibishia hodi na mikono ya sabuni." Tulicheka wote wawili. Lakini siku ile mlangoni haikuwa utani tena. Nikasema, basi mjomba alimaanisha, ametia pamba masikioni makusudi kwa sababu nimeutupa ufundi wake. Nililala nyumba ya wageni karibu na kituo, kesho yake nikarudi huku. Likizo iliyobaki niliimaliza chumbani kwangu, pazia nimeshusha, nacheza gemu ya mbuzi upya tangu mwanzo. Wenzangu walidhani niko kwetu, nakula vya nyumbani. Nililia, Mjomba. Sikujua kama mtu mzima anaweza kulilia mlango.

Sasa nazipanga. Simu iliyotumbukia ndooni. Mama Betri anayeongea na wewe unasema ndiyo ndiyo mpaka unauziwa kitu. Kengele ambayo hata mtoto anaifuata.

Mjomba, unasikia?

Sekunde


20 Mei

Mjomba,

Mwezi unakwisha hujanijibu. Umemeza wembe.

Sikuandika ili nikuvue nguo. Mama Mkubwa sijamwambia kitu, wala sitamwambia pasipo ruhusa yako. Kama nimekosea na unasikia vizuri, nitukane, nitafurahi. Ila usininyamazie mara ya pili. Mara ya kwanza nimeibeba, ya pili sijui kama nitaweza.

Nimeiwasha mashine tena jana baada ya kazi. Nimefika darajani nikasimama pale kwenye ukungu, sikuvuka. Sikuona raha kuvuka.

Sekunde


29 Mei

Sekunde mwanangu,

Sisikii.

Nimeliandika peke yake hilo neno ili liwe limeshatoka. Barua yako ilikaa kwenye droo ya springi muda wote huu. Kila nikifungua droo inanitazama, nami naifunga. Sikukasirika, niliona aibu tu. Na aibu ya mtu mzima ni mbaya kuliko homa, haina dawa ya kumeza.

Ilianza kidogo kidogo. Zilianza kunyamaza saa za mkononi. Nilikuwa nazishika sikioni kama kawaida, sisikii kitu, nasema hii imekufa, nikitazama naona mshale unatembea. Zikafuata za mezani. Ile kubwa ya ukutani, yenye kengele ya saa, ndiyo iliyokaa nami mpaka mwisho, na mimi nikajidanganya kwamba madamu naisikia ile basi bado nimo. Asubuhi moja nikafungua duka nikadhani saa zote zimesimama. Nikaangalia, zote zinakwenda. Mishale yote inazunguka, na duka zima kimya. Nilikaa kwenye kiti nikazitazama kama mtu anayetazama watu wanaongea nyuma ya kioo.

Tangu hapo nimekuwa mwongo hodari. Mteja akiingia nampa karatasi, nasema andika jina na tatizo, ndio utaratibu mpya. Saa naibana kwenye meno, meno bado yanasikia kidogo. Watu nawatazama midomo. Wakicheka nacheka. Simu sikuitumbukiza kwenye ndoo kwa bahati mbaya, Sekunde. Niliitia mwenyewe, nikaitazama inavyozama. Ilikuwa inatetemeka mezani, naona jina lako, naweka sikioni, hamna kitu. Kuliona jina lako na kutokukusikia, nikaona bora isiwepo.

Nilikuwa naogopa nini? Fundi saa asiyesikia, nani atamwachia saa ya baba yake? Na dada yangu akijua tu, kesho yake nimo katikati ya kuku wake, na duka lina kufuli. Sina kitu kingine zaidi ya meza hii. Nikiondoka hapa mimi ni nani?

Hayo yote ni yangu, ningeyabeba. Ila la mlangoni limenivunja. Niliposoma nilikataa. Nikasema Sekunde amekosea siku, labda sikuwepo. Nikamwendea muuza viatu, nikampa kalamu na karatasi, nikamwambia andika, mwaka jana mpwa wangu alikuja hapa? Alinitazama. Akaandika: "Alikuja. Aliita sana. Tulidhani mmegombana, tukaona tusiingilie. Alisimama muda mrefu na mfuko wake."

Nimerudi dukani nikakaa kwenye kiti kilekile, nikageuka nikautazama mlango. Kutoka hapa mpaka pale nikiunyoosha mkono na wewe ukinyoosha wako, tunagusana. Ulikuwa hapo. Mimi hapa natafuta vumbi kwenye saa ya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki, na mwanangu yuko mlangoni na taulo.

Ule utani wa sabuni naulaani. Mikono yako ingekuwa na lami ningeishika.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu limekufa hata lisisikie hodi ya Sekunde. Fanya utakalo. Mwambie dada yangu ukitaka.

Daraja sikuvuka, ulijua. Nimemwacha mbuzi kwenye ukungu, sijamrudia tangu barua yako ije. Nadhani kengele yake inalia mpaka sasa.

Mjomba wako


7 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo.

Barua yako nimeisomea stoo, juu ya rundo la foronya, na foronya moja imebidi irudi kufuliwa. Nimelia kwa uchungu, halafu nikalia kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa kupumua. Mwaka mzima nimebeba mgongo wako. Nikifumba macho nauona, haugeuki. Sasa naweza kuutua. Hukunifukuza. Hukujua tu kwamba nipo.

Mama Mkubwa utamwambia wewe mwenyewe, si mimi. Duka ni lako, mdomo ni wako, na mdomo hauna kasoro hata kidogo, hilo naweza kulishuhudia. Ila tukionana tutakwenda wote wawili kwa daktari wa masikio. Hilo siombi.

Sasa nisikilize, yaani nisome, kwa makini.

Itoe mashine kwenye jiriwa. Umeibana, Mjomba! Umeibana kama saa, ndiyo maana. Bonyeza kile kitufe kidogo cha juu kulia mpaka itokee orodha ya mipangilio. Shuka mpaka uone neno mtetemo, liwashe. Wanaiuza ikiwa imezimwa ili isile chaji. Kisha ishike mikononi, viganja viwili, usiiweke mahali popote. Nenda darajani. Mengine sikuambii.

Mwezi ujao napata likizo. Nakuja. Kuna jambo moja tu linaninyima raha na sijalipatia jibu, nalifikiria hata kwenye pasi. Nikifika mlangoni nifanyeje? Nikiita hutasikia. Nikikugusa bega springi itaruka, na mwenye saa atatulaani wote. Nikisimama nikungoje ugeuke, siwezi, Mjomba, si mlango ule tena. Niambie nifanyeje.

Sekunde wako


18 Juni

Sekunde mwanangu,

Mapacha! Mbuzi amezaa mapacha! Na mmoja ana doa jeupe usoni na hajui kusimama, anaanguka kwenye majani, na yule mtu asiye na jina amevua koti lake amewafunika. Na mimi nakuandikia habari za majani! Ulikuwa na haki ya kunitukana.

Nilifanya ulivyosema. Nikaitoa kwenye jiriwa, nikaishika viganjani, ukungu ukashuka, kioo kikawa cheupe. Nikangoja. Mara ikanigonga kiganja cha kushoto. Kidogo tu, kama mtoto anayekushika kidole. Ikanyamaza. Ikanigonga tena, kushoto. Nikaenda kushoto, hatukuanguka. Ikahamia kulia, nikahamia. Sekunde, nilikuwa namsikia. Sijui niseme vipi vingine. Muda mrefu hakuna kitu kilichoniita, watu wote wako nyuma ya kioo, halafu mbuzi wa kuchorwa ananiita kutoka kwenye ukungu, na mimi naitika kwa miguu. Tulipofika ng'ambo niliiweka mashine chini nikafuta macho, na mteja aliyekuwa ananingoja kaunta akaondoka kimyakimya. Amerudi kesho yake. Ameniachia saa.

Huyo mteja ana sababu ya kurudi. Dirishani nimeweka kibao, nimekiandika kwa rangi nyekundu: Fundi hasikii, macho na mikono mizima, andika shida yako. Mama Betri alikuja kukisoma, akaenda kwake, akarudi na karatasi. Ameandika kwamba siku ile alikuwa ananisimulia habari za goti lake tu, mashine ile nilikuwa nimeinyooshea kidole mwenyewe. Basi sijui nani alimuuzia nani.

Dada yangu naye nimemwambia. Alikuja, akapiga kelele, nimejua kwa jinsi mdomo ulivyofunguka. Nikamwambia mimi sihami, kama ana wasiwasi ahamishie kuku wake huku. Alilia, akanifulia mapazia, akaondoka. Duka halina kufuli.

Sasa swali lako. Nimeitoa ile nyundo ndogo iliyokuwa inagonga kengele ndani ya saa kubwa ya ukutani, kwa kuwa siku hizi ilikuwa inamgongea nani? Nimeifunga chini ya meza ya kazi. Kutoka pale nimevuta kamba, imepita ukutani, juu ya dirisha, ikatokea nje kwenye tundu nililotoboa pembeni ya mlango. Mwisho wake nimefunga pete ya shaba. Ukivuta, nyundo inagonga ubao palepale ninapoweka kiwiko. Muuza viatu amenisaidia kuijaribu, amevuta mpaka amechoka, na mimi nina saa wazi mbele yangu. Inagonga taratibu, kama kengele ya yule mbuzi. Hakuna springi iliyoruka.

Basi ukifika usiite, wala usisimame na mfuko. Vuta pete. Nitageuka.

Limebaki moja. Mwaka jana uliita hodi tatu, na katika nyumba hii hodi haiachwi bila kuitikiwa. Zimenifikia sasa, kwa barua, zimechelewa njiani lakini zimefika zote.

Karibu.

Karibu.

Karibu ndani, mwanangu.

Mjomba wako